Nahodha wa Mita Hamsini

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kanichokoza tena mezani, mbele ya dada yake, mke wangu. Eti yule nahodha tuliyemwona mimi na marehemu kaka ndani ya meli iliyozama alikuwa ni ulevi tu. Hewa ya kawaida ukiivuta mita hamsini chini inalewesha. Fundi friji, leo bingwa wa bahari! Miaka thelathini nasimulia habari hii. Nahodha kaketi, kofia kichwani. Kaka kampigia saluti, nami nikapiga. Kaka alicheka mpaka miwani yake ya mbizi ikaingia maji. Ee, siku zile! Nitashuka tena, na heliamu mtungini, ile isiyolewesha. Nirudi na picha, nimfunge mdomo.

Jumanne, 4 Machi
Nimelinganisha kozi. Shule ya kwanza: siku tatu, bei nafuu, mwisho mita arobaini na tano. Meli iko hamsini! Nimeomba hizo tano wanipe kama nyongeza. Wamekata simu. Shule ya pili: mita sitini, lakini wanataka mbizi mia moja daftarini. Ninazo thelathini na moja, zote na kaka. Ukurasa mmoja una alama ya kikombe chake cha chai. Nimeutazama kitambo.

Jumatano, 5 Machi
Nimejazia mbizi sitini na tisa, kwa kalamu tatu tofauti. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Mkufunzi, mama mmoja makini, kasoma mpaka namba sitini na nne. Kauliza nimewezaje kushuka na nusu mtungi nikapanda na mtungi mzima. Nikasema nilivuta taratibu. Kacheka mpaka machozi. Kisha kasema kwa upole kwamba kwa heliamu kichwa hakilewi, nitakuta kiti kitupu. Njiani nililia. Kiti kitupu ninacho nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa! Nitashuka na mitungi miwili. Wa heliamu, kwa ajili ya mkufunzi. Wa hewa ya kawaida, nivute kidogo tu, nipige saluti. Nimenunua daftari jipya, nimejaza mbizi zote mia upya. Safari hii kila mtungi umepungua. Palipoulizwa nilishuka na nani, kote nimeandika kaka. Mbizi ya mwisho ni ya jana.