Kitalu cha Utosini

Jumatatu, 6 Januari

Nimezihesabu. Nywele za utosini zimebaki kumi na nne. Wiki iliyopita zilikuwa kumi na tisa. Tano zimekwenda wapi? Mimi Tobia, ninayeotesha miche ya mipichi na miparachichi ikaota yote, nashindwa na kichwa changu mwenyewe!

Hoja si nywele. Hoja ni Jenoveva. Kila asubuhi mimi na Mama tunashuka kwenda kitaluni, mimi mbele na viriba vyangu, vile vifuko vyeusi vya miche, Mama nyuma na mkongojo wake. Tunapita kwenye kibanda cha Jenoveva cha matunda, barabara ya Soni. Jenoveva anainuka, anakunja goti kidogo, anasema shikamoo. Shikamoo! Nina miaka arobaini na sita, yeye arobaini na nne. Shuleni alikuwa madarasa mawili nyuma yangu, na aliwahi kunipiga na gunzi la hindi. Naitikia marahaba kwa sauti yangu ya besi ili asijue nimeumia. Lakini nimeumia. Utamposaje mwanamke anayekuamkia shikamoo?

Kornelio wa kabichi ana miaka hamsini kasoro mmoja. Yeye anaambiwa, habari za asubuhi, Kornelio. Kwa nini? Nywele! Nilimtazama jana kanisani, kwenye kwaya. Kichwa chake ni Msitu wa Magamba kabisa. Nilistaajabu mpaka besi nzima ikaingia bila mimi.

Mama amelalamika tena kwamba siku hizi hapati salamu hata moja ya kuitikia, toka asubuhi hadi jioni. Nimemwambia ni uzee, masikio yanachelewa.

Jumanne, 7 Januari

Nimekwenda kwa Kornelio, nikajifanya nataka kabichi. Nikamzunguka, nikamzunguka, hatimaye nikamuuliza anapaka nini. Akasema hapaki kitu. Anaoshea sabuni ya mche tu.

Sabuni ya mche! Nilisimama na kabichi mkononi, mwili ukisisimka. Miaka ishirini nauza miche, kumbe jibu lilikuwa kwenye jina! Watu wote hapa wanafulia sabuni hiyo, na hakuna aliyetega sikio.

Nimenunua mche mzima. Nimeosha mara nne.

Jioni: nywele kumi na mbili. Kornelio ni mwongo.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya gulio. Nimepanda Lushoto mjini, nikaingia duka la Hassani la mafuta na vipodozi. Sijapata kuona kitu kama kile. Rafu toka sakafuni hadi darini! Mafuta ya nazi yameganda meupe kwa baridi yetu. Mnyonyo, mzito kama asali. Habasoda, nyeusi kabisa. Chupa ya kijani yenye picha ya mwanamume anayecheka, nywele zimemjaa hadi zimefunika maandishi. Nilivua kofia. Nilitaka Hassani aone ugonjwa, lakini mkono ulishuka taratibu kama niko ibadani.

Hassani mwenyewe ana kipara kinachong'aa. Nilipomuuliza alisema mganga hajigangi. Jibu zito! Sikuuliza tena.

Akanifungulia chupa moja moja ninuse. Ya kwanza ilinikumbusha bibi. Ya tatu ilinitoa machozi. Ya tano nilitafuta pa kukaa. Kisha akanipapasa utosi kwa kidole kimoja, muda mrefu, amefumba macho. Akasema kuna nywele zilizokufa na kuna zilizolala. Zangu zimelala.

Zimelala! Muda wote huu zilikuwa humo humo ndani, zimejifunika! Njia nzima ya kurudi nilitembea polepole nisizishtue.

Nimechagua mnyonyo kwa ajili ya mizizi na nazi kwa ajili ya mng'ao. Maji ya kitunguu ya kuziamsha nitakamua mwenyewe.

Jumamosi, 11 Januari

Mbegu hutaka unyevu, joto na giza. Jambo hili najua kuliko Hassani. Nimejipaka mnyonyo na maji ya kitunguu, nikavaa kiriba kikubwa cheusi, kile cha miparachichi, hadi kwenye nyusi. Nikakaa juani kitaluni. Mama nyuma yangu kwenye kigoda, akifukuza kuku.

Saa nne nikasikia hatua. Jenoveva! Hajawahi kukanyaga kitaluni kwangu. Ana kikapu cha pichi mkononi. Muda wa kuvua haukuwepo. Akasimama. Akatazama kiriba. Akameza mate. Kisha akakunja goti, akasema shikamoo.

Marahaba, nikasema, na kiriba nacho kikavuma.

Akampa Mama kikapu, wakanong'onezana sana. Mama alimshika mkono hakutaka kuuachia. Alipokwishaondoka, dada yangu Beatha akanieleza. Jenoveva anafunga kibanda. Kaka yake wa Bungu anamwita akalime naye. Jumatano anapanda basi. Amemwambia Beatha kwamba haoni sababu ya kubaki huku.

Sababu ipo, ni mimi! Ila sababu haijaota. Siku nne tu.

Jumapili, 12 Januari

Nimeongeza nazi, kopo zima, nikaiyeyusha jikoni. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nimevua kofia kanisani, kwaya nzima ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yameganda upya. Utosi wote mweupe, na tone moja limening'inia juu ya sikio. Kornelio aliuliza, kwa sauti, ni nani aliyenimwagia mshumaa.

Jenoveva yuko kwenye sauti ya pili. Aliinamisha uso, mabega yakatikisika mpaka mwisho wa wimbo. Naamini alikuwa akililia safari.

Jumanne, 14 Januari

Beatha amenikuta nakwangua nazi kwa kijiko. Akasema yatosha, sasa nimweleze. Nikamweleza. Nywele, Kornelio, shikamoo.

Akaweka sufuria chini. Akaniuliza, kila asubuhi pale barabarani, nyuma yangu huwa kuna nani? Nikasema Mama. Akaniuliza, kwa Wasambaa wote niliowahi kuwaona, shikamoo hupewa mama wa miaka themanini au mwanawe?

Nilikaa juu ya ndoo.

Mwaka mzima na nusu Jenoveva amekuwa akimwamkia Mama. Na mimi nikiitikia! Kwa besi! Beatha anasema Jenoveva alimuuliza zamani kama nina kiburi au ninaumwa. Mbele yangu ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mlima mmoja unafunikwa, mwingine unafunuka. Salamu kama mia tano. Nimezila zote za mama yangu mzazi.

Nikaenda kumwomba radhi. Mama akasema kuna siku alifikiri amekwisha kufa, ila hakuna aliyemwambia. Nimelia kidogo.

Jumatano, 15 Januari

Mpango: Mama mbele, mimi nyuma, mdomo umefungwa. (Nimepaka mnyonyo kidogo, kwa tahadhari.)

Basi lilikuwa limesimama mbele ya kibanda. Kibanda kitupu, majani ya migomba tu sakafuni. Jenoveva akakunja goti. Shikamoo, mama. Nikauma midomo. Mama akasema marahaba. Akasema tena, marahaba mwanangu, na tena, kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Watu wawili dirishani wakamwamkia nao. Mama alirefuka, naapa.

Kisha Jenoveva akanigeukia. Akanitazama usoni, wala si kichwani. Akasema, habari za asubuhi, Tobia.

Jina langu! Kinywani mwake! Ukungu uliachia na jua likapiga shali yake, na maneno yangu nilikuwa nayo tayari, mawili tu: nzuri, na, usiende. Nikafungua mdomo.

Marahaba, nikasema.

Basi zima liligeuka. Jenoveva alicheka hadi akaegemea basi. Akafuta macho. Akasimama kidogo pale, kama anayengoja kitu kingine. Mimi nilikuwa namtazama tu. Kondakta akagonga bati, Jenoveva akapanda.

Ijumaa, 17 Januari

Nimetafakari siku mbili, na kosa nimelipata. Mnyonyo. Niliupaka ukiwa wa moto, ukapenya hadi kwenye ulimi. Jambo linaloweza kumpata mtu yeyote.

Jenoveva amepiga simu kwa Beatha. Amefika salama. Anaomba Mama aende Bungu kumtembelea, na aje na mtu wa kumshika mkono. Hakutaja jina. Beatha alinitazama sana alipokuwa akisema hivyo. Akasema hata kuku wa Mama wameelewa. Nimemwambia haelewi wanawake. Nisimame mbele ya Jenoveva na nywele kumi na moja? Mama ataenda na Beatha. Mimi nitafuata zikishaota. Hassani anasema ni miezi sita, saba.

Leo nimekwenda kwake kuchukua ile chupa ya kijani, ya mwanamume anayecheka. Mama alitaka kuona mji, akafuata nyuma na mkongojo wake. Tulipoingia Hassani alisimama, akasema shikamoo. Alhamisi ile nilipokuwa peke yangu hakuniamkia hivyo! Chupa mbili tu, na heshima imeanza kuota. Nimeitikia kwa sauti, rafu zote zikalia.

Nyuma yangu Mama akakohoa. Kifua hicho sikipendi. Nimemuuliza Hassani kama mnyonyo unanyweka.