Ombi la Kumwachia Mjomba Cecil kwa Utaratibu wa Samaki

Newala,
14 Juni.

Kwa Meneja,
Kambi ya Maji Mafupi,
Pwani ya Mtwara.

Ndugu Meneja Ambakisye,

YAH: KUACHIWA KWA NDUGU CECIL, MWONGOZAJI WA WAVUVI WAGENI

Shikamoo. Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Grace ninayelala naye kitanda kimoja. Likizo ya Desemba, kwa wiki nzima, mimi nilikuwa samaki.

Mjomba wangu Cecil, ambaye wewe unamfahamu kama mfanyakazi hodari, alikuja likizo na ufito wake mrefu wa kuvulia na ule mshipi mnene wa rangi ya limau. Alisema mwongozaji asiyefanya mazoezi mkono wake unalala. Huku kwetu juu hakuna bahari, kuna mikorosho. Basi akanitaka nipite polepole katikati ya mikorosho, nikiinama, nikigeuka ghafla, nikisimama kana kwamba nimeona kaa, naye akirusha mshipi ili chambo kianguke mbele kidogo ya pua yangu. Nilikubali kwa sababu samaki hatakiwi kuongea na watu. Ni kazi pekee niliyowahi kupewa ambayo haya yangu haikunikwamisha.

Nimeeleza hayo ili ujue kwamba anayekuandikia si mgeni wa fani yenu. Nimeiona kutoka upande wa chini. Hata hivyo malalamiko haya si yangu. Ni ya Bibi yangu, Mama Cecil, aliyeniamuru niandike kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Malalamiko ni yake; adabu nimeongeza mimi.

1. Kuhusu jogoo. Bibi ana jogoo mwekundu aliyekuwa anatunzwa kwa ajili ya wageni wa heshima. Siku ya tatu ya likizo yake, Mjomba alimkamata jogoo huyo, akamnyonyoa manyoya ya shingoni, akayafunga kwa uzi kwenye ndoana, akasema sasa huyo ni nzi wa kumdanganya samaki. Bibi alimtazama nzi, akamtazama jogoo, akasema, "Cecil mwanangu, kama unataka nzi, chooni wapo bure." Jogoo sasa ana shingo tupu kama kuku wa kishingo, na ukoo wake haukuwa na kishingo hata mmoja. Anawika akiwa nyuma ya banda. Mitetea wamepunguza heshima.

Bibi angevumilia kama kungekuwa na mtu aliyeshiba. Lakini jogoo alinyonyolewa bila kuliwa, ili mgeni aliyevuka mabara avue samaki bila kumla, kwa chambo ambacho samaki naye hakimfikii tumboni. Shuleni tumejifunza habari za mnyororo wa chakula, nani anamla nani. Nimepekua kitabu chote cha baiolojia na sijaona mnyororo ambao hakuna anayekula. Kama kambi yenu imeuvumbua, hongereni, wanasayansi wajulishwe.

2. Kuhusu maji. Hapa kwetu bomba likikauka tunashuka bondeni na ndoo, halafu tunapanda. Kushuka ni rahisi. Kijana wetu mmoja, aliyezaliwa na kukulia katika kupanda huko, ameajiriwa kusimama ndani ya maji kutwa nzima, yakiwa magotini. Bibi aliposikia aliuliza swali moja tu: "Na jioni anatoka na ndoo ngapi?" Nilimweleza kwamba maji hayo ni ya chumvi. Akasema hata ya chumvi, mtu mwenye malezi hatoki kwenye maji mikono mitupu.

3. Kuhusu usemi wake. Kazi ya Mjomba, kama nilivyoielewa, ni kuvaa miwani myeusi, kumwona samaki ambaye mgeni hamwoni, na kumwelekeza mgeni kwa kufuata uso wa saa: saa tisa ni kushoto, saa tatu ni kulia, kisha hatua kadhaa. Ni utaratibu mzuri baharini. Jikoni umetushinda.

"Cecil, chumvi iko wapi?" Bibi aliuliza siku moja.

"Saa tisa, mama. Hatua mbili."

"Sasa hivi ni saa tano. Mboga ikae bila chumvi mpaka saa tisa?"

Hadi mboga inaungua walikuwa hawajapatana.

4. Kuhusu posa. Hapa, Ndugu Meneja, naomba usome taratibu, kwa kuwa jina lako linaonyesha unatoka mbali na huku. Kwetu mjomba si ndugu wa kuja kusalimia sikukuu. Yeye ndiye mlango. Posa ya mpwa wake haipokelewi na haijibiwi asipokuwepo, hata wote wengine tukiwa tumekaa tumenyoosha mikeka.

Mwezi wa tano washenga walikuja kumposa Grace. Muoaji ni Godwin, fundi pikipiki wa Chiungutwa. Yeye na Grace wanapendana, nami najua kwa sababu Grace huongea usingizini na hutaja vipuri. Mjomba aliahidi kuja, na kuja na samaki. Asubuhi ya siku yenyewe alituma ujumbe: "Ni bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, samaki wanapanda hadi miguuni mwetu, siwezi kuwaacha wageni. Nawatumia picha." Ikaingia picha ya kolekole mkubwa kama mbuzi, Mjomba amemshika upande wa kichwa, mgeni upande wa mkia, wote wanacheka isipokuwa kolekole.

Mama akapakua mbaazi. Simu ikazungushwa mkekani. Mzee Eliakimu, mkuu wa washenga, aliitazama sana, kisha akatazama mlango wa jikoni.

"Samaki huyu yuko wapi?"

"Ameachiwa," Bibi akajibu.

"Nani, Cecil?"

"Samaki."

"Na Cecil?"

"Cecil bado ameshikwa."

Wakala mbaazi huku wakimwangalia kolekole. Walipoondoka Mzee Eliakimu alisema watarudi mara moja tu, na safari hiyo wakiukuta mlango umefungwa, basi Lupaso nako kuna mabinti, na wajomba zao wanakaa nchi kavu. Grace hajaimba kwaya tangu siku hiyo. Anakaa benchi la nyuma na kitabu cha nyimbo kimefungwa. Ndugu Meneja, mengine yote katika barua hii unaweza kuyacheka. Hili nakuomba usilicheke.

5. Kuhusu haki. Mjomba mwenyewe alinieleza sheria kuu ya kambi yenu: kila anayekamatwa lazima aachiwe akiwa hai. Ni sheria njema sana. Kwa kuwa Mjomba Cecil mmemkamata misimu minne iliyopita na hadi leo hajaachiwa, maana hata likizo alikuja na mshipi, tunaona kuwa katika jambo hili samaki amepewa haki kuliko mwana wa Bibi. Tunaomba naye aachiwe, na taratibu zifuatwe zilezile, yaani:

Mwenye kumshika aloweshe mikono kwanza, asimchubue. Ndoana itolewe polepole. Kofia na miwani mnaweza kubaki navyo. Asilazwe mchangani. Asikae nje ya makazi yake zaidi ya pumzi moja, ingawa hapo mmeshachelewa. Kama ni lazima kupiga picha, ipigwe moja. Kisha ashikwe taratibu pale stendi ya mabasi, uso ukielekea Newala, mpaka nguvu zimrudie na aanze kuondoka mwenyewe. Asisukumwe. Mjomba alisema anayesukumwa hupinduka.

Iwapo ombi hili ni zito, Bibi analo jingine jepesi. Wale samaki mnaowaachia kila siku, muwe mnawaachia upande wa huku. Kutoka pwani hadi kwetu ni mwendo, na kuna mlima, lakini kama wana nguvu za kukata mishipi kama Mjomba anavyowasifu, basi mlima wataupanda. Sisi tunaupanda na ndoo kichwani.

Na iwapo yote mawili hayawezekani, tunaomba barua rasmi yenye muhuri, ikithibitisha kwamba nyumba yetu inatambuliwa kuwa ni familia ya kolekole. Siku ya posa kolekole huyo ahudhurie badala ya mjomba wetu, maana sura yake wageni wameshaizoea.

Wasalimie wapishi, mabaharia, na wageni wote pamoja na magoti yao. Wasalimie walinzi. Yule kolekole wa kwenye picha, mkikutana naye, mpe salamu za pekee. Hapa nyumbani tunamfahamu wote, na watoto wa jirani humuulizia.

Ndimi, niliyewahi kuwa samaki,

Dorothy
Kidato cha Tatu, kwa niaba ya Mama Cecil

N.B. Nilipomaliza nilimsomea Bibi barua yote, isipokuwa mwanzo. Alikuwa anachambua mbaazi. Alicheka kwenye jogoo, akatikisa kichwa kwenye posa, na namba tano akaacha kuchambua. Kisha akauliza, "Hao wanaoachiwa, hurudi?"

Nikamwambia Mjomba anamjua mmoja mwenye pezi lililochanika, ambaye ameonana naye kila bamvua tangu mwaka jana, mahali palepale.

"Hakuna anayemvuta?"

"Hakuna. Anarudi na maji."

Akachambua tena, muda mrefu, hata zile safi. Mwisho akasema, "Basi mimi nilikuwa navuta mshipi. Muulize huyo bwana wa kambi maji ya Cecil hutulia lini." Badala ya kungoja majibu yako, nikafungua kitabu cha jiografia. Kinasema mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na Mjomba aliwahi kuniambia siku hizo wageni hulala tu. Nikamwonyesha Bibi nusu ijayo kwenye kalenda, ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Akavaa khanga yake, akaenda mwenyewe kwa Mzee Eliakimu kupanga siku ya washenga kurudi. Nadhani ndiyo posa ya kwanza Newala kupangwa kwa kufuata maji ya bahari. Kwa hiyo tunaomba umwachie kwa siku hiyo moja tu. Bamvua ikirudi atakuwa ameshafika kazini.

Bibi alitaka niandike barua upya. Karatasi zimekwisha, na kusema kweli nilikuwa nimeipenda namba tano.

Baada ya hapo nilikwenda bandani. Bibi alimshika jogoo mabawa, akamwambia pole, nami nikanyonyoa manyoya manne yaliyoanza kuota, yale mekundu ya karibu na bega, kama Mjomba alivyonifundisha. Matatu yamo kwenye bahasha, ni ya Mjomba. La nne nimelifunga mwenyewe kwenye ndoana, kwa uzi mweupe, na ile ncha ya kunasia nimeibana ili ndoana itoke kirahisi. Mwambie Mjomba amrushe nzi huyo mara moja, mbele kidogo ya pua, ya mtu yeyote mwenye mapezi.

Samaki akishikwa na nzi huyo, naomba mumwachie. Picha inatosha.