Namna Nilimufundisha Divine Kushindwa

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita, 2025

Salamu kwako, daftari. Sijui kuanza kuandika bila salamu. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, na kitu nilifundishwa ni barua. Baudouin, baba Divine, yuko salama, mgongo tu. Mama mukwe, koko wa watoto, yuko salama, anakohoa na kunilaumu. Divine wa darasa la sita yuko salama. Mdogo wake Néhémie yuko salama, ametoka jino. Kuku yuko salama. Mimi Pélagie ndiye sina amani.

Sababu ni listi. Wameibandika leo kwenye ofisi ya shule. Watu wanatoka Kampala na kazi ya ng'ambo: wanapima watoto wa nchi mingi, namna wanasoma na namna wanahesabu, halafu wanapanga hizo nchi, nani mbele, nani nyuma. Shule yetu imeangukiwa na kura. Watoto ishirini. Divine yumo. Larissa wa Bernardine, jirani yetu Murundi, naye yumo. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, sijawahi kupata kitu ambacho Bernardine hakupata.

Nimefikiri mchana kutwa. Mwaka jana walikuja watu wa chakula, wakauliza tunakula mara ngapi kwa siku. Mimi, kwa kiburi, nikasema mara mbili. Wakaandika kwamba tunajiweza, wakatukata. Tangu pale tunakula mara moja. Bernardine aliwaambia watoto wake wanalala njaa. Mpaka leo anapokea.

Basi nimejifunza. Ukipimwa ukaonekana mzuri, unaachwa. Divine atashindwa. Atashindwa kuliko watoto wa nchi zote, na hao watu watamuonea huruma, watamupeleka sekondari Mbarara. Hiyo sekondari ndiyo naomba kwa Mungu kila siku. Njia ingine hatuna.

Jumanne, tarehe 3

Siku ya Mashahidi wa Uganda, hakuna masomo. Nimefungua masomo yangu nyuma ya nyumba, tukichambua maharagi.

Nikamuuliza saba mara nane. Akasema hamsini na sita. Nikasema hapana. Akasema, mama, ni hamsini na sita. Nikasema najua, lakini hapana. (Sikujua. Nilimuamini.) Akafikiri, akasema hamsini na tano. Nikamuambia hiyo iko karibu sana, watagundua ana akili. Mwisho akasema mia tatu, machozi yakaanza. Baudouin akapita na jembe, akauliza mtoto analilia nini. Nikasema hesabu. Akasema hata yeye zilimuliza.

Jumatano, tarehe 4

Kwenye bomba la maji, Bernardine mbele ya wamama wote: Larissa anakunywa mayai tangu Jumapili, atakuwa wa kwanza duniani, tutamusikia kwenye redio. Nikamuuliza wa kwanza kwa nchi gani. Akasema Burundi, nchi gani tena? Mwalimu Emery wa shule yetu alikuwa anapita, tukamusimamisha atuamue. Akasema si Burundi kwao, si Kongo kwetu. Mtoto mwenye kukaa kwenye benchi ya Uganda anahesabiwa Uganda.

Nimemuhadithia Baudouin. Amecheka mpaka mgongo ukamukumbusha. Miaka kumi na miwili tunapanga mistari tupate karatasi za kukaa huku, anasema, kumbe ilitosha kukaa kwenye benchi.

Alhamisi, tarehe 5

Imefanyika. Divine amenitii. Ameweka alama kwenye jibu la kwanza, swali la kwanza mpaka la mwisho, na kalamu akaifunga wakati wenzake wanasoma ukurasa wa pili. Nimemupa kiazi changu.

Halafu akasema kulikuwa na karatasi ingine, ya mambo ya nyumbani. Muko na vitabu vingapi? Akaandika vitatu: Biblia, kitabu cha nyimbo, na wewe daftari. Vizuri. Muko na meza ya kusomea? Hapana. Vizuri sana. Mama yako alifika darasa gani?

Hapo akashika ufagio. Nimemubana. Ameandika kwamba nilimaliza sekondari.

Nikauliza sababu gani. Akasema hakutaka watu wa nchi zote hizo wanicheke.

Nimeingia jikoni, nimekaa na moshi. Juu yake mwenyewe alikubali kuonekana mujinga. Juu yangu alikataa.

Halafu nikashituka. Mama wa sekondari! Nani atahurumia mtoto wa mama wa sekondari? Kazi yote imeharibika.

Ijumaa, tarehe 6

Nimetokea Mbarara. Leo ni Idi, wapimaji wamepumzika kwenye loji Nyamityobora, jirani na mdogo wangu Sonia. Anawauzia chapati asubuhi, kwa hiyo akanipeleka mpaka mlangoni.

Kiongozi wao ni binti wa Kampala, mpole, Kiswahili chake cha askari. Nikamuambia nimekuja kurekebisha karatasi ya Divine: mimi ni wa darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Akasema, mama, karatasi hapana kuwa na jina, iko na namba tu, na boksi tumefunga. Nikaomba afungue kidogo. Akasema, mama, sisi hapana saidia mutoto moja, sisi napima inchi, majibu nakuja baada ya miaka mbili. Nikauliza basi wanasaidia nchi gani, ya kwanza ao ya mwisho. Akaangalia boksi. Akasema wakubwa watasoma.

Akanipa soda. Sonia njiani akaniambia, yaya, dada yangu, watu wanafika Mbarara kununua diploma za uongo, wewe umekuja kurudisha yako.

Jumanne, tarehe 10

Sina nguvu ya kuandika, naandika.

Mwalimu Emery ameniita. Kuna bursari, watu wa kulipia watoto wawili masomo ya sekondari moja ya Ruti, kule Mbarara. Wanataka mtoto mwenye akili, wa nyumba isiyo na kitu. Tangu mwezi wa kwanza jina la juu lilikuwa Divine. Lakini Alhamisi yeye Emery alikuwa anazunguka darasani, akamuona anaweka alama moja moja kama mtu anapanda mahindi kwa mstari. Walimu wakasema mtoto amelegea. Wamemufuta. Wamemuandika Larissa.

Nikamuambia ukweli wote. Masomo nyuma ya nyumba, saba mara nane, kila kitu. Nilitamani anitukane. Akasema fasi ya pili bado haina mtu, atajaribu kumuombea Divine. Lakini wenye bursari watatembelea nyumba Alhamisi, waone kwa macho. Akanishika mkono: mama Divine, nakuomba, acha nyumba vile iko. Usiguse hata kijiko.

Divine alishajua, Larissa alimuambia. Hakulia. Ameniuliza tu, sasa saba mara nane ni ngapi?

Jumatano, tarehe 11

Nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa kujishusha. Umejishusha, wamekufuta, ni haki. Sasa tunapanda.

Mwalimu Emery ni kijana mzuri lakini hajazaa, hajui namna mama anapokea wageni. Bernardine amenikopesha redio na rido za maua za dirishani. Akauliza kama naozesha. Meza ni ya pasta. Miwani ni ya koko. Nikiivaa siwaoni watu, lakini wao wataniona. Baudouin nimemuambia aende na jembe shambani, lisionekane nyumbani. Divine akasema, mama, mwalimu amesema tusiguse. Nikamujibu kwamba kama nchi zote zimeandikiwa nilimaliza sekondari, siwezi kumuacha aonekane muongo.

Vitabu ndivyo vimekosa. Barua ya Sonia hii hapa, nimeikopi:

"Sonia mdogo wangu, salamu. Baudouin muzima, koko muzima, Divine na Néhémie wazima, kuku muzima. Nitumie vitabu na boda wa asubuhi. Lugha yoyote. Viwe vinene. Watu wa bursari wanafika kesho saa tano, kwa hiyo nijibu mbiyo. Dada yako, Pélagie, wa sekondari."