Kihindi Asubuhi, Kiurdu Alasiri

Jumatatu, 4 Mei
Nimepata akili. Bi Rukhsar, mwenye nyumba wetu hapa Lucknow, ametangaza: chumba cha juu, chenye feni, atapewa mwalimu atakayekuwa na wanafunzi wengi ifikapo Ijumaa. Mimi sina hata mmoja. Qamar wa mlango wa pili anaye mmoja, na majivuno ya watu mia. Basi nimetundika kibao: Kihindi asubuhi, Kiurdu alasiri, mazungumzo tu. Somo nimeandaa moja. Nijitese kwa nini?

Jumanne, 5 Mei
Wamekuja wawili! Wote Watamili wa kusini, Kihindi na Kiurdu hawavijui. Asubuhi Bwana Ilango, mhandisi. Anataka Kihindi cha kazini. Nikavaa kizibao, nikamsalimu kwa namaste. Alasiri Bi Kayal. Anataka Kiurdu cha kufuatia mashairi. Nikavaa kofia ya manyoya, nikamsalimu kwa adab. Kushukuru asubuhi ni dhanyavad, alasiri shukriya. Mengine, kununua nyanya na kugombana na mwenye riksho, ni yale yale. Qamar akachungulia, akauliza kama nina homa, jasho lote hilo la nini. Kofia ile!

Jumatano, 6 Mei
Qamar kaja na upole wake wa kuudhi. Eti mtaani Kihindi na Kiurdu ni lugha moja. Zinaachana kwenye maandishi na maneno ya wasomi. Eti nifundishe moja, nionyeshe njia zote mbili za kuiandika, kama yeye. Nikamwambia wivu utamuua. Feni naiona kabisa.

Alhamisi, 7 Mei
Nimekwisha. Ilango na Kayal ni mume na mke! Ningejuaje? Jana jikoni mume akauliza bei ya nyanya kwa Kihindi chake. Mke akajibu kwa Kiurdu chake kuwa zimeoza kama mnunuzi. Mume akaelewa yote, na tusi pia. Leo wamenijia pamoja. Kwa kuchanganyikiwa nilivaa kizibao na kofia. Bi Kayal akasema, Maasta, umetuuzia sambusa moja kwenye sahani mbili. Wamehamia kwa Qamar.

Ijumaa, 8 Mei
Qamar watatu, mimi sifuri. Kapanda juu na mikeka yake. Bi Rukhsar akanishika bega: mwanangu, ungesema kweli tu, chumba kingekuwa chako. Nusura nilie. Nimekaa, nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Madarasa yalikuwa machache. Kesho naongeza la jioni: Kihindustani, yaani Kihindi na Kiurdu kwa pamoja, kwa waliofaulu yale mawili. Natafuta vazi la tatu.