Uzinduzi wa Kikundi cha Maigizo ya Afya kwa Vijana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetuma mwakilishi, mwakilishi wa mwakilishi uliyefika badala yake, wafadhili wetu mlioketi kwenye viti vyenye mito, mwalimu mkuu na walimu wako, wazazi mliosimama kule nyuma, na ninyi wanafunzi mlioketi sakafuni, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wa Afya ya Vijana, mwenye vyeti vitatu na cha nne kiko njiani, nimesimama hapa kifua mbele kuzindua mradi mtambuka, shirikishi na endelevu wa maigizo ya afya, ambao, kwa mujibu wa fremuweki na rodimapu yetu, utamfundisha kijana kwa njia ya jukwaa yale ambayo mzazi anaona haya kuyasema na mwalimu anayaruka kitabuni. (Wazazi wanaangalia viatu vyao.) Utafiti tulioufanya bila kutoka ofisini, ili kuepuka upendeleo, umeonyesha kuwa asilimia tisini na nane ya vijana wanapenda maigizo, na hao wengine hawakuulizwa. (Kicheko. Mkurugenzi anakunja uso; hakuwa anatania.)

Nilikwenda ng'ambo mara mbili kujifunza namna ya kuvuta pazia. Wapo waliouliza, kwani pazia halivutiki hapa hapa? Hao nawaambia, mwenye wivu ajinyonge. Tena mchezo wenyewe kamati yangu imeusafisha: imeondoa mimba, imeondoa kondomu, kisha ikamwondoa mvulana, maana alikuwa anasimama karibu mno na msichana. Kilichobaki ni wimbo wa kunawa mikono, na ni mzuri sana.

(Msichana mwenye sare iliyopauka anasimama katikati ya wenzake. "Samahani, Mkurugenzi. Mwezi wa pili huu sijaona siku zangu. Baba akijua atanifukuza. Niende kwa nani?")

Jamani, mnaona? Sijafika hata kwenye kipengele cha maonyesho, kikundi chetu kimeshaanza kazi. Sikilizeni sauti inavyotetemeka. Na machozi hayo, wafadhili wetu, si maji ya bomba, ni matunda ya ile semina yetu ya hotelini. Maneno mengine sikuyapitisha, hayo tutayazungumza wenyewe. Mpigieni makofi. (Makofi. Wafadhili wanampiga picha. Msichana: "Mkurugenzi, mimi siigizi.") Barabara kabisa, binti, endelea hivyo hivyo. (Makofi zaidi. Msichana anafunika uso.)

Kwa hiyo nikisema "Maigizo", mseme "Afya". Maigizo! (Afya!) Kijana salama! (Kesho njema!) Nawashukuru wafadhili kwa moyo wao, na namshukuru katibu wangu, ambaye ananinong'oneza hapa kwamba kikundi hakijaundwa, mwigizaji hata mmoja hajateuliwa, na fungu lote liliishia kwenye semina na haya mapambo. Sawa, mambo ya ndani hayo.

(Anavua miwani.) Kwa hiyo wewe binti ulikuwa unasema kweli, mbele ya wageni? Umetuvurugia ratiba. Mzazi wake, kama yumo humu, asogee mbele amchukue mtoto wake. Asanteni kwa kunisikiliza. Chakula cha wageni kiko chumba cha pili.

(Kule nyuma, mwanamume mmoja anaanza kupenya katikati ya watu.)