Mkono Usiofika Sikioni

Jumatatu, 3 Januari 1983

Kikao cha kamati ya shule. Saa nne kwa barua, saa sita kwa ukweli. Mwenyekiti wetu, Mzee Inosenti, alikuja na koti lake la kijivu na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, kile chenye mgongo. Sisi wajumbe tulikaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakigusa videvu. Miaka sita yeye mwenyekiti. Miaka sita mimi mjumbe wa choo. Choo! Mtu niliyemaliza darasa la saba kwa mwandiko ambao padri mwenyewe aliusifu.

Nilisoma taarifa ya choo. Hakuna aliyesikiliza. Wawili walilala.

Kisha Mwalimu Moloimet, mwalimu mkuu na katibu wetu, akasema Mratibu wa Elimu atakuja tarehe kumi na mbili kuandikisha darasa la kwanza kwa macho yake. Mtoto aliyefika umri wa miaka saba asionekane tena malishoni. Kamati ipite nyumba kwa nyumba kuwatoa waliofichwa. Na tarehe kumi na tano, uchaguzi wa mwenyekiti.

Wajumbe wakainamia madawati. Nani anataka kugombana na majirani? Nikasimama nikajitolea. Dawati likasimama pamoja nami, maana lilikuwa limenibana mapajani. Wakacheka. Wacheke. Atakayejaza darasa la kwanza ndiye atakayekuwa mwenyekiti. Hata kipofu anaona hilo.

Jambo moja dogo. Binti yangu Leonida ana miaka kumi. Kwenye kamati ana sita. Amekuwa na sita tangu mwaka wa sabini na tisa. Cheti cha kuzaliwa hana, nani anacho hapa? Kipimo chetu ni mkono: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Akifika, ameiva. Asipofika, arudi nyumbani hadi mwakani. Leonida hafiki. Nilimfundisha mwenyewe kukunja kiwiko ndani ya shuka. Miaka minne, na hakuna aliyegundua!

Si kwamba sipendi elimu. Lakini nina ng'ombe wanne, mbuzi kumi na mmoja, na shamba linalopakana na msitu wa Ngorongoro. Nyani wanafukua mbegu siku hiyo hiyo ninayopanda. Serikali ilete mtu wa kufukuza nyani, nami nitaleta mtoto.

Jumatano, 5 Januari

Nimepita nyumba kumi na saba. Nimeumwa na mbwa watatu. Nimewapata watoto tisa! Mmoja alikuwa juu ya dari na mahindi. Mmoja aliambiwa ajifanye mgonjwa, akajikohoza hadi akakohoa kweli. Wa jirani yangu Sylvesta alikuwa ndani ya kihenge cha nafaka. Nilimwona kwa sababu kihenge kilipiga chafya.

Sylvesta hakuona haya. Akaniuliza, na wako je? Nikamjibu wangu bado mdogo, mkono haufiki. Akasema huo mkono unazidi kuwa mfupi kila mwaka kama mkia wa mbuzi anayezeeka. Nimemwandika Sylvesta mara mbili kwenye orodha.

Nyumbani mke wangu Katarina hakunipongeza. Amesema Leonida siku hizi anachungia kwenye kilima juu ya shule. Darasa likiitikia a, e, i, o, u, naye huko juu anaitikia na mbuzi wake. Amesema mtoto anataka, Baba Leonida, anataka mpaka anaota. Nikamuuliza nyani wanataka nini. Akaondoka na taa.

Ijumaa, 7 Januari

Siku mbaya. Nitaiandika kwa sababu mimi ni mkweli.

Nilikuwa na habari za uhakika kwamba Inosenti mwenyewe anaficha mjukuu. Mtu aliona mtoto akichunga ndama nyuma ya nyumba yake. Mwenyekiti wa kamati! Nilimchukua Mwalimu Moloimet kama shahidi. Njiani nilitengeneza uso wa huzuni, ule wa mtu ambaye hafurahii kumfichua mkubwa wake.

Tulimkuta mtoto sebuleni. Amevaa kaptula ya shule, mpya, na viatu. Viatu! Inosenti akamwambia awaonyeshe wageni, naye akapitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio lote, akalivuta. Kumbe yule aliyekuwa akichunga ndama ni Inosenti mwenyewe. Ni mfupi yule mzee, kwa mbali huwezi kujua.

Akatupa chai. Ya sukari. Sukari ametoa wapi, nchi nzima ikilamba asali? Nikanywa vikombe viwili kwa hasira.

Hapo mwalimu akasimulia habari zake. Kwao Malambo ni wafugaji. Serikali ilipomlazimisha baba yake kutoa mtoto mmoja wa shule, mzee aliwapanga wanawe akawatazama, akamtoa yule asiyempenda. Ndiye yeye. Waliopendwa walibaki na ng'ombe. Alisema akicheka, lakini chai yake hakuimaliza.

Inosenti akanigeukia, mpole kabisa, akasema mwaka huu tunamtarajia na binti yako, Ndugu Clemensi. Ule upole! Ningependa zaidi anipige fimbo.

Nimefikiri njia nzima. Kama aliyependwa ndiye anayebaki na ng'ombe, basi mimi ndiye baba mwenye mapenzi kuliko wote katika kata hii. Nimemwambia Katarina hivyo. Amejifunika shuka hadi kichwani.

Jumapili, 9 Januari

Baada ya misa nilisimama nje ya kanisa nikatangaza: watoto thelathini na mmoja wamepatikana. Orodha niliisoma kwa sauti. Wazazi wengine walinitazama vibaya. Uongozi una gharama zake.

Jioni nilimfanyisha Leonida mazoezi. Mkono juu, kiwiko ndani, vidole viishie kwenye nywele, uso uwe wa kitoto. Tatizo: amerefuka sana. Siku hizi mkono ukinyooka unapita sikio na kwenda shingoni. Nikamwambia akunje zaidi. Akakunja. Akaniuliza kama ni kweli mwaka huu pia atakuwa na miaka sita. Nikamwambia asihesabu. Akaniuliza je, mdogo wake Marsela, mwenye mitano, mwakani atakuwa pacha wake?

Sikupenda swali hilo. Nilienda kuangalia zizi, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nimeamua. Siku ya kuandikisha atapeleka mifugo mbali, bonde la mashariki, kutwa nzima. Asiyekuwepo hapimwi. Mpango mzuri, na hauna tundu hata moja.

Jumatano, 12 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi ilikuwa yangu. Nilifika uwanja wa shule nikiwa na watoto thelathini na mmoja kwa mstari, nimewatembeza mimi mwenyewe wakiimba. Mratibu wa Elimu akafika kwa baiskeli kutoka Karatu, mafuta ya gari hakuna. Akanishika mkono kabla ya kumshika Inosenti. Kabla! Akasema mbele ya watu wote kwamba kila shule ingekuwa na mjumbe kama Ndugu Clemensi, malishoni kusingebaki mtoto. Inosenti alipiga makofi kwenye kiti chake chenye mgongo. Niliona kile kiti na nikajua kwamba nitaleta changu, kirefu zaidi.

Wakaanza kupima. Mkono, sikio. Mkono, sikio.

Ikasikika kengele ya ng'ombe.

Ng'ombe wangu wanne wakaingia uwanjani. Nyuma yao mbuzi kumi na mmoja. Nyuma ya mbuzi, Leonida na fimbo yake. Ameoga. Miguu inang'aa. Kile kipande cha sabuni nilichoambiwa kimeisha tangu Krismasi kumbe hakikuwa kimeisha. Nilimtafuta Katarina kwa macho nikamwona kwenye ua, anatazama milima kama mgeni.

Mratibu akamuuliza Leonida mbona ameleta zizi zima shuleni. Akajibu kwa adabu kwamba kila siku akitaka kusogea kusikiliza darasa humwachia mifugo mtoto wa Sylvesta, au yule wa dari, au mwingine anayechunga bondeni. Leo amezunguka malisho yote hakukuta mtu. Baba amewaleta wote huku. Kwa hiyo amekuja nao.

Nilisikia Sylvesta akicheka. Ana kicheko kibaya.

Akajipanga nyuma ya wale wadogo. Alikuwa mrefu kuliko wote kwa kichwa na mabega. Zamu yake ilipofika alinitazama mimi. Nikamkonyeza, kiwiko, mwanangu, kiwiko. Akanyoosha mkono wote. Ukapita juu ya kichwa, ukapita sikio, vidole vikashika kidevu.

Mratibu akamuuliza ana miaka mingapi. Akasema, kumi. Halafu akaongeza, kwenye kamati ni sita.

Watu walianguka chini kwa kicheko. Hata Mwalimu Moloimet aliinamisha uso kwenye daftari lake, mabega yanatikisika. Lakini alipouinua hakuwa anacheka. Akachovya kalamu akaandika jina la binti yangu polepole, herufi kubwa, kama mtu anayeandika la kwake.

Nilisimama pale. Nilijisikia aibu. Nimeandika, basi. Leonida alilitazama jina lile muda mrefu akauliza kama hayo yote ni yeye, kisha akacheka na machozi juu. Sijawahi kumwona vile. Kwa dakika moja nilitaka kusema kitu.

Ndipo wakapiga kelele kwamba mbuzi wangu wako kwenye kabichi za shule.

Jumamosi, 15 Januari

Uchaguzi. Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Nyuma ya Inosenti mstari ulifika kwenye mlingoti wa bendera. Nyuma yangu mtu mmoja: Sylvesta. Niliguswa. Nikamshukuru kwa kusahau ya kihenge. Akasema hapigi kura, amefuata kivuli cha ukuta.

Inosenti akapendekeza nibaki kwenye choo, na tena niongezwe kazi ya mahudhurio, kwa kuwa hakuna mzazi anayejua maficho kama mimi. Wakapitisha kwa makofi. Katarina alipiga makofi kuliko wote.

Kabichi kumi na nane. Nitazipanda upya, mimi na jembe langu, kwa maamuzi ya kamati.

Jumatatu, 24 Januari

Wiki ya pili malishoni. Mimi! Mjumbe wa kamati nakimbia nyuma ya mbuzi. Watu husema nyani humwogopa mwanamume, humdharau mtoto. Hawa wangu hawajaambiwa. Leo dume moja kubwa lilikaa kwenye kichuguu likinitazama nikirusha mawe, likila mbegu zangu moja moja bila haraka, kama Inosenti anavyokunywa chai. Mistari saba imekwisha. Nilipofukuza nyani ng'ombe wakaingia shamba la Sylvesta. Nilipofuata ng'ombe nyani wakarudi na ndugu zao. Leonida alifanyaje yote haya peke yake, kila siku, miaka minne? Hakuwahi kuniambia kwamba ni kazi. Sikuwahi kuuliza.

Mchana nilifika na mifugo kile kilima juu ya shule. Kwa ajili ya majani tu. Darasa la kwanza lilikuwa linaitikia. Sauti yake naijua, ni kubwa kuliko za wengine na iko mbele kidogo ya wengine. Nilikaa hapo hadi kengele. Majani ya pale si mazuri sana.

Madaftari hayapatikani dukani. Nimekuta kurasa za nyuma za hili langu zimechanwa, zote. Nimeuliza nani. Katarina amesema mwenye kuuliza ajibiwe na mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa hiyo nafasi imebaki kidogo, nifupishe.

Leonida sasa jioni anachora herufi kwenye majivu, anamfundisha Marsela. Wanacheka wenyewe huko jikoni. Na kila baada ya ugali anamsimamisha mdogo wake ukutani, anaushika mkono wake, anauvuta juu ya kichwa, taratibu, kidogo zaidi kila siku. Wanafikiri sioni.

Naona. Nimepima mwenyewe. Bado vidole viwili.

Marsela ana miaka mitano tu, bado laini, anafundishika. Kosa langu kwa Leonida nilichelewa kuanza. Kesho, kabla sijapeleka mifugo, namwita pembeni nimwonyeshe kiwiko.