Bata Aliyeogeshwa Kwenda Maabara

Jumatatu, tarehe 3

Mheshimiwa amecheua uji juu ya bata wake wa mbao sasa hivi, kisha akamlamba bata. Akacheka! Meno mawili tu, lakini kicheko cha mwenye meno yote. Nikamfuta, nikambusu, nikamfuta tena. Ndiyo maana tunamwita mwanangu Mheshimiwa: hatembei, hafanyi kazi, na nyumba nzima inamtii.

Habari kubwa leo. Mama Duka, yule anayeuza vitu vya watoto, ana rafu wazi pale mlangoni na anataka mtu mmoja wa kumletea bata wa mbao. Lakini sheria imebana. Kila cha kuchezea kilichopakwa rangi lazima kipimwe maabara kwanza, isije rangi ikawa na madini ya risasi. Ni sumu kwa mtoto anayenyonya kila anachoshika. Mwenye cheti ndiye mwenye rafu.

Tunaoitaka ni wawili: mimi na wifi yangu wa nyumba ya pili. Mume wangu anatuchongea sote bata walewale, maana mimi mkewe na yule dada yake, na yeye hataki kelele. Tofauti ni rangi. Wifi anapaka rangi ya mafuta, njano inayong'aa mpaka unajiona pua. Mimi napaka rangi ya maji aliyobakiza fundi wa kuta. Bata wangu wamefifia kama wametoka kuugua.

Nikipata rafu, Mheshimiwa atapata kitanda chake. Sasa tunalala watatu, yaani yeye analala, sisi tumejibanza pembeni kama wageni.

Lazima nishinde! Wazo ninalo.

Jumanne, tarehe 4

Shule niliiacha mapema, lakini mtihani naujua: mbele unamweka anayejua, na kwa rangi anayejua ni wifi. Basi wifi alipokuwa anamwogesha binti yake, Kifaranga, nikachukua bata mmoja kwenye ubao wake wa kukaushia. Siyo wizi. Ni kuazima bila kumsumbua mtu. Wifi huchora nyota ndogo chini ya tumbo. Nikaikwangua kwa kisu. Nikamwogesha bata kwa maji ya moto na sabuni, nikampaka mafuta ya Mheshimiwa. Akapendeza!

Dada wa maabara, koti jeupe, glavu mikononi, akamnusa. Akauliza kama huyu bata ameoga. Nikasema ndiyo, kwetu ni watu wasafi. Akajikaza asicheke. Akanieleza kwamba hata ningemfua na kumpiga pasi, haisaidii: wao wanaikwangua rangi yenyewe, wanaiyeyusha kwenye tindikali, halafu mashine inasoma kilichomo. Akauliza ni nani aliyempaka. Mimi hasa, nikasema, kwa mikono hii.

Nimerudi nimemkuta wifi anamtafuta bata wake. Eti kuku ndiye kamchukua. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kumpita mwenyewe, mpaka chini ya pipa.

Jumatatu, tarehe 10

Bata amefeli! Ile njano ya kujionea pua! Dada wa maabara kasema risasi imepita kiwango kinachoruhusiwa, tena siyo kwa kidogo. Kanisihi niwaondolee watoto bata hao leo leo. Eti sumu hii hailizi mtoto ukajua kaumia. Inaingia kimya, inakaa, inamdumaza akili. Kaniuliza kama na mimi nina mtoto. Nikasema ninaye. Akaniangalia kama anaangalia mchawi! Kisha akasema nikibadilisha rangi nilete bata mwingine.

Nje nikaanza kucheka peke yangu. Wifi kwisha habari yake! Rafu yangu! Nikaja njia nzima nachagua shuka za kitanda cha Mheshimiwa.

Nikafika. Kifaranga kakaa kibarazani kwao, bata wa njano mdomoni, kichwa chote ndani, mate yanamtiririka mpaka kitovuni. Akanionyesha bata kwa furaha.

Kicheko kikanikauka.

Jumanne, tarehe 11

Nimwambieje wifi? Ataniuliza nimejuaje, na hapo ndipo pagumu. Nimejaribu kuzunguka. Nimemwambia njano imepitwa na wakati. Akasema hicho ni kijicho. Nimemwambia nimeota bata anauma watoto. Akasema nipunguze chakula cha usiku.

Basi mbinu. Nikanyata kibarazani kwao na mwiko, nimpe Kifaranga mwiko, nichukue bata. Kifaranga akautazama mwiko, akanitazama mimi, akapiga yowe la kuangusha paa! Wifi akatoka na povu mikononi. Akauliza kwa sauti ya kusikiwa na majirani wote, tangu lini mke wa kaka yake ananyang'anya watoto wachanga.

Nikasema yote. Bata, nyota, sabuni, tindikali. Nimesimama na mwiko mkononi kama mpishi aliyepotea harusi.

Wifi akafungua mdomo anitukane, ukabaki wazi tu. Akamwangalia mwanawe. Akamtoa bata mdomoni taratibu, akamsuuza mikono, akamfuta ulimi kwa kona ya kanga. Kisha akakaa chini ghafla, nami nikakaa naye.

Baadaye ndipo akanitukana. Alinitukana vizuri, hakuruka kitu, mpaka akakaribia kumtusi mama mkwe wangu, akakumbuka ni mama yake.

Jumamosi, tarehe 15

Watoto wamepimwa damu. Mheshimiwa salama! Kwa Kifaranga risasi imeonekana kidogo. Daktari kasema haijafika pa kutisha, bata wakiondoka itashuka, ila arudishwe aangaliwe tena. Wifi akalia. Nami nikalia. Mheshimiwa naye akalia, kwa kuwa hapendi kupitwa.

Bata wote wa njano wifi kawatia kwenye mfuko, tumewapeleka maabara wakajue pa kuwatupa. Kumbe hata kuwachoma haifai, moshi wake nao ni sumu. Mume wangu kachonga wengine. Tumepaka pamoja, ubao mmoja, kopo moja, rangi yangu ya maji! Wifi kasema kuwa ni rangi mbaya sana, lakini tukipata cheti tugawane rafu, nusu yake, nusu yangu. Nimekubali. Nusu rafu, nusu kitanda, Mheshimiwa mwenyewe ni mfupi.

Keshokutwa nampeleka bata wangu maabara. Wangu mimi! Wa mkono wangu. Nimemwapia wifi, na yule dada nitamweleza ukweli wote. Sirudii tena mchezo ule maishani.

Jumatatu, tarehe 17, asubuhi

Bata wamekauka. Nimemwangalia wangu kwa mwanga wa dirishani. Jicho moja limepanda kwenye paji la uso. Mdomo umekwenda upande. Bata kama amepigwa kofi.

Wa wifi, macho sawa, shingo imetulia. Yule ana mkono jamani.

Sasa nawaza tu. Mbao ni ileile. Rangi ileile, kopo lilelile. Mashine haitajua. Kwa nini dada wa maabara, ambaye tayari ananiona mchawi, aone jicho hili? Na nyota ni ndogo mno, inatoka kwa kukwangua mara moja. Nimeshaikwangua. Maji ya moto yako tayari, sabuni hii hapa. Siyo kudanganya, ni kumwakilisha wifi vizuri. Mheshimiwa anatazama na kuchekelea; shahidi mzuri, hajui kusema.

Wifi anaita kutoka uani. Anauliza kama nimemwona bata wake mmoja. Nimemjibu huenda ni yule kuku, nakuja kumsaidia kutafuta. Kasema nisijisumbue, anakuja yeye. Viatu vyake hivyo mlangoni, ngoja nimfiche bata chini ya—